Darasa la Nakapanya Lijibulo Ndiyo

Majengo, Songea
Jumapili, baada ya ibada

Baba Zawadi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi barazani na miwani ikiwa usoni, wala si mfukoni. Habari za huko Mamba? Habari za tangawizi, na zamu yetu ya maji? Je, wale majirani wa juu wameacha kufungua bwawa la ndiva kabla ya saa yao, au bado mnapelekana kwa balozi? Mimi ni mzima. Baridi ya Songea mwezi huu imenikaza magoti, lakini nakula, nalala, na kazini sijakosa.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa mtoto wa mchungaji alipopita hapa akielekea Mbinga. Ilikuwa fupi, kama ilivyo desturi yako, na swali lake lilikuwa moja: nitarudi lini. Umenikumbusha kwamba nilipostaafu nilikuomba mwaka mmoja tu wa mkataba, na kwamba mwaka huo unakwisha mwisho wa mwezi huu. Ni kweli tupu. Nimeanza kukujibu mara kadhaa, na kila mara nimeinuka, nikaenda dirishani, nikatazama watu wanavyosongamana kwenye maduka, nikarudi mezani, nikaichana karatasi. Leo nimejiapisha kwamba sitainuka mpaka nimalize. Jibu ninalo, ila halitaeleweka nisipokueleza kwanza yaliyonipata na walimu wangu.

Mwanetu Zawadi aliniambia katika simu kwamba wewe huwaambia watu kanisani kuwa mkeo anafundisha kompyuta. Tafadhali usiwaambie hivyo tena. Kompyuta siijui, na yule mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam hanikubalii hata kuigusa bila yeye kusimama karibu. Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wanaofundisha kwa njia ya mtandao, yaani wanaofundisha watoto wasiowaona.

Mambo yenyewe ni haya. Katika wilaya ya Tunduru, ukiupita mji na kushika barabara ya Masasi, kuna mahali panaitwa Nakapanya. Watu wake ni wakulima, na wengine huuza vitu kando ya barabara. Pana shule ya msingi pale. Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza, walimu wa shule ile wameondoka mmoja mmoja kwenda kwenye vito. Mwalimu wa Hisabati aliaga kwamba anakwenda kutibiwa Tunduru mjini. Baadaye alionekana huko amevaa kofia pana, anapima mawe mbele ya duka la dalali. Wa Sayansi akamfuata. Aliyebaki na darasa la saba ni Mwalimu Saidi, Myao wa pale pale, ambaye anafundisha masomo yote mengine na bado anapiga kengele.

Wenye mradi ulioniajiri wakaweka dishi juu ya paa la shule ile, na vibao vya kuvuna umeme wa jua, na kompyuta moja yenye kipaza sauti. Huku Songea, katika kituo cha walimu, wakaweka mitambo kama hiyo. Mwalimu anasema huku, sauti inapanda angani na kushuka kule. Picha haipiti, mtaalamu anasema njia ni nyembamba mno. Watoto wale wanafanya mtihani wao Septemba. Sharti la wenye mradi ni kwamba walimu wa Songea waonekane wako tayari. Wasipokuwa tayari, dishi litang'olewa na kupelekwa wilaya nyingine, na darasa la saba la Nakapanya litaingia katika mtihani bila mwalimu wa Hisabati wala wa Sayansi. Na wa kusema kama wako tayari au hawako tayari, ni mimi.

Nilipewa wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Ditrick wa Hisabati, Mngoni wa hapa hapa, mtu wa makamo mwenye sauti nzito na maneno mengi ya kuchekesha. Wa pili ni Mwalimu Gaudensia wa Sayansi, Mmatengo, mwanamke mpole ambaye mwandiko wake wa ubaoni ungedhani umechapwa na mashine. Wote wawili ni walimu hodari kuliko wengi niliowahi kuwaona. Hapo ndipo ilipokuwa taabu. Kila walichokijua kilitaka ubao na macho ya watoto.

Siku ya kwanza Gaudensia alilisalimu darasa, akaipa mashine kisogo, akachora ubaoni ua zuri sana kwa chaki za rangi, lenye mishale na majina. Kisha akachukua fimbo ya kuonyeshea na kusema, "Tazameni hapa." Nilimwacha mpaka akafikia mzizi. Nikamwuliza kwa upole ni mtoto gani wa Nakapanya aliyeliona ua lile. Akautazama ubao, akaitazama mashine, akacheka mpaka akaketi.

Ditrick naye alikuwa katikati ya somo alipokatizwa na mngurumo kutoka kwenye spika. Akafoka, "Wewe unayenguruma huko nyuma, simama." Mwalimu Saidi akajibu kutoka Nakapanya, kwa adabu kabisa, kwamba aliyekuwa akinguruma ni lori la korosho linalopita barabarani, naye hana uwezo wa kulisimamisha.

Lakini kilichotusumbua zaidi ni maamkizi. Watoto walisimama na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Sauti hukawia njiani. Ditrick alijibu marahaba, lakini kabla marahaba yake haijafika, watoto walidhani hawakusikika, wakaamkia tena. Naye akajibu tena. Nao wakapokea jibu la kwanza wakidhani ni la pili. Walikwenda hivyo mpaka umeme wa hapa, ambao ni wa mashine ya dizeli na wa zamu, ukakatika. Siku nyingine njia ilikatika baada ya watoto kusimama na kabla Ditrick hajawaambia wakae. Tulipoipata tena, kipindi kilikuwa kinakwisha. Nikasikia minong'ono na miguu ikiburuzwa. Nikamwuliza Mwalimu Saidi kuna nini. Akasema, "Wamesimama, Mwalimu. Wanangoja waambiwe wakae." Nikamwuliza kwa nini asiwaambie yeye. Akajibu kwamba asingeweza kumketisha mwanafunzi aliyesimamishwa na mwalimu wa mkoani. Kipindi kizima watoto wale walikuwa wamesimama wakilitazama sanduku.

Nikaanza kuwaandaa kwa namna niliyoibuni mwenyewe, kwa kuwa vitabu vya mradi vilieleza vitufe tu. Nilifunga khanga yangu katikati ya chumba. Mwalimu mmoja alikaa upande huu akieleza umbo fulani kwa maneno matupu, mwingine alikaa upande wa pili akichora alichosikia. Ditrick aliiona khanga akasema, "Kumbe Mama ametoka Upare kuja kutucheza unyago." Sikucheka pale, lakini nilipofika chumbani kwangu nilicheka peke yangu. Alipochora nyumba aliyoelezwa na Gaudensia, ilitokea kitu ambacho yeye mwenyewe alikiita kibuyu. Tukarudia. Nilikuwa mkali, nakiri. Ditrick alilalamika kwamba Wapare tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na kwamba yeye na Gaudensia ndio kuku wenyewe. Hata hivyo alirudi khangani kila siku, na vipindi vikaanza kunyooka. Tulikubaliana na Saidi kwamba watoto waamkie mara moja tu na wakae wenyewe. Kila somo lilimalizika kwa Ditrick au Gaudensia kuuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima kujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu."

Ile sauti ilinipendeza, Baba Zawadi. Nilishusha sanduku kubwa la safari kutoka juu ya kabati. Nilinunua blanketi la kukukinga kifua na gunia la maharage ya Mbinga. Nilimwambia mama mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine.

Ndipo Mwalimu Saidi alipokuja Songea kumleta mama yake katika hospitali ya mkoa. Safari ya kutoka kule, kwa barabara ile ya vumbi, unaifahamu kwa kunisikia tu. Alifika na wekundu mpaka kwenye nyusi. Alipomwacha mama yake wodini alikuja Majengo kunisalimu. Nilikuwa sijawahi kumwona sura. Nilimjua kwa sauti. Alisema shikamoo mlangoni, akasema tena alipoketi. Nilimpa chai. Nikamwuliza hali ya mgonjwa, akanieleza. Kisha nikamwuliza hali ya darasa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wanawapenda sana walimu wa huku."

Nikamwambia kwamba sikuuliza kama wanawapenda.

Akazungusha kikombe mezani kwa muda mrefu. Mwishowe akaniambia kwamba kila mtambo unapozimwa, yeye huwapa watoto hesabu zile zile walizofundishwa na Ditrick, na kwamba wanaozipata ni wachache sana. Wengi hugawanya kwa namba yoyote iliyo karibu. Nikamwuliza mbona basi wanasema wameelewa.

"Mwalimu," akasema, "wale ni watoto waliolelewa. Mwenyeji akikuuliza umeshiba, utamwambia bado? Mwalimu mgeni anatoka mbali, amewajali, anauliza mmeelewa. Wamjibu nini?"

"Na wewe hukuniambia."

"Ningeanzaje? Wewe ni sawa na mama yangu niliyemlaza kule."

Nikamwuliza anafanya nini yeye, watoto wanapoulizwa swali lile. Akasema kwamba husimama mbele yao na kuwatazama.

Nikaelewa. Wanapoulizwa, huangalia uso wa Saidi, na uso wa Saidi huwaambia wasiitie Nakapanya aibu. Sisi huku hatuoni uso wa Saidi. Tunasikia ndiyo.

Kesho yake niliwaita walimu wangu. Gaudensia aliandika kitu. Ditrick alikataa kabisa. Alisema Saidi ameona wivu kwa kuwa watoto wanamsifu mwalimu wa redioni, ndivyo wanavyomwita Ditrick kule, na kwamba kama darasa lingekuwa halielewi, yeye, mwalimu wa miaka yote hii, angejua. Nikamwuliza angejua kwa njia gani. Akasema angejua tu. Sikuwa na muda wa kubishana. Wageni wa mradi walikuwa wanafika Jumatano.

Nisikuchoshe kwa habari za Jumatano asubuhi: kufagia, kuazima viti, soda. Wageni walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa baba mmoja wa suti, mtu mstaarabu, aliyeniita Mama tangu alipoingia na kunipisha nikae kwanza. Mtaalamu akaunganisha njia. Nakapanya wakaamkia mara moja, wakakaa wenyewe, na wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ditrick alifundisha faida na hasara. Alikuwa na hesabu nzuri, ya mfanyabiashara anayenunua korosho kwa mkulima na kuziuza mjini kwa bei kubwa zaidi. Watoto watafute faida yake kwa asilimia. Alisimulia mpaka mgeni mmoja akacheka kwa sauti. Lakini alipofika penye kukokotoa, mazoea yalimshinda. Mkono ukainuka, kidole kikaenda ubaoni, akasema, "Sasa chukueni faida mgawanye kwa hii hapa." Akaendelea. Mimi nilikiona kile kidole. Wageni nao walikiona, na kwa kuwa walikiona, wao walielewa, na wala hawakutambua kwamba kuna kitu kimekosekana.

"Mmeelewa?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu," ikaja kutoka Nakapanya, safi, kama kengele.

Wageni walipiga makofi. Yule mkubwa akanigeukia, akasema kwamba anadhani sote tumeridhika, na kwamba Mama akitamka tu neno lake, kazi imekwisha na anaweza kurudi kwake kupumzika.

Baba Zawadi, nilikuwa nalo lile neno mdomoni. Sanduku limefungwa. Nilikuona wewe barazani. Badala yake niliinuka, nikamwomba Ditrick kipaza sauti, naye akanipa akitabasamu, akidhani nakwenda kuwaaga watoto.

Nikawaambia mimi ni nani. Nikawauliza, "Katika hesabu hii, mmegawanya kwa bei ipi? Ya kununulia au ya kuuzia?"

Sauti ikakawia njiani kama kawaida yake. Kisha ikafika, ya darasa zima.

"Ndiyo, mwalimu."

Mgeni mmoja alicheka, halafu akaona kwamba wengine hawakucheka. Nikauliza tena, polepole. Nikasikia kuku tu, nje ya darasa lao. Nikamwomba Mwalimu Saidi, kwa jina lake, atoke nje kidogo. Nikasikia mlango. Nikawaambia watoto kwamba hakuna atakayeadhibiwa, na kwamba nataka mmoja tu aniambie mwalimu alisema wagawanye kwa kitu gani.

Ikaja sauti ndogo ya msichana. Alisema jina lake ni Zuhura.

"Mwalimu alisema hii," akasema. "Sisi hii hatuioni."

Ditrick aliutazama ubao, kisha akautazama mkono wake. Nilimshukuru Zuhura, nikamweleza yeye na wenzake kwamba faida hugawanywa kwa bei ya kununulia, na sababu yake, na nikawaomba wanisomee jibu. Waliokosea walikuwa wengi, lakini sasa walikuwa wanakosea kwa sauti, kila mmoja kosa lake, na nilifurahi kuliko nilivyofurahishwa na zile ndiyo zote.

Mkubwa wa wageni alikohoa kidogo. Akasema hilo ni jambo dogo, litarekebishika, na kwamba wana wilaya nyingine zinazongoja. "Tuseme wako tayari, Mama?"

"Bado," nikasema.

"Neno hili lina uzito, Mama."

"Najua uzito wake. Bado hawako tayari."

Wakatoka nje, wakazungumza chini ya upenu. Waliporudi wakaniambia kwamba wanatoa nafasi moja tu, mpaka mwisho wa Agosti, na kwamba kama siku hiyo sitasema ndiyo wao watang'oa dishi. Wakanyanyua mikoba yao. Soda zao hawakuzimaliza.

Ditrick alinisubiri mlangoni. Hakupandisha sauti, na ningependelea angepandisha.

"Umenianika, Mama," akasema. "Mbele ya wageni."

"Nilikwambia mapema."

"Uliniambia. Hukuniambia kwamba utanianika."

Nikamwambia kwamba yeye ana aibu ya alasiri moja, na wale watoto wangekuwa na aibu ya maisha yao yote. Akanitazama, akasema kwamba hayo ni maneno mazuri, na kwamba wenye maneno mazuri mara nyingi hawajui maumivu ya waliosimama ubaoni. Akaondoka. Tangu siku ile hunipa shikamoo na hasubiri marahaba. Najua nilitenda sawa, lakini jambo hili linanizunguka kichwani. Nalianza upya nikipika, nikifua, hata leo katika mahubiri. Ningeweza kumwita pembeni. Lakini wageni wangekwisha kuondoka na lile neno langu mfukoni. Ningeweza kumwandikia Saidi barua. Lakini Saidi asingemkosoa mwalimu wa mkoani hata kwa barua. Nafika pale pale, kisha naanza tena.

Ijumaa Ditrick alifundisha tena. Nilikaa nyuma bila kusema. Kidole chake alikitia mfukoni tangu mwanzo mpaka mwisho, na neno hii hakulitamka hata mara moja; alisema bei ya kununulia, bei ya kuuzia, mstari wa juu, mstari wa chini. Lilikuwa somo safi kuliko yote niliyomsikia. Mwishoni akauliza, "Mmeelewa?" Na Nakapanya, pamoja na Zuhura wao, wakajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimeandaa upande mmoja tu wa njia. Nimemzuia mwalimu asionyeshe kidole. Nani atamfundisha mtoto wa Nakapanya kumwambia mtu mzima kwamba hajaelewa, na akabaki mtoto mwenye adabu? Nani atamfundisha Saidi kutazama nje ya dirisha watoto wake wanapoulizwa? Haya hayapiti angani.

Kwa hiyo Jumanne napanda basi la Tunduru, na kutoka pale nitatafuta gari la kunifikisha Nakapanya. Saidi ameniombea chumba kwa mjane mmoja jirani na shule. Nitakaa dawati la nyuma, miongoni mwa watoto, nisikilize walimu wangu wakitokea kwenye sanduku. Gaudensia amekwisha kuniomba nimwambie kila asiposikika vizuri. Ditrick hakuniomba kitu, ila jana aliniletea kupitia kwa mkewe dagaa wa Nyasa, wamekaangwa na kufungwa vizuri, wa kula njiani. Hakutuma salamu pamoja nao.

Sasa nageukia kwako, na usikasirike.

Juzi, baada ya habari za Saidi, nilitoa barua zako zote za mwaka huu nikazisoma upya. Kila moja inasema, "Huku sote hatujambo, usiwe na wasiwasi." Ni sentensi isiyo na kosa. Niliisoma mpaka nikaanza kuisikia kwa sauti ya darasa. Nikaenda kwenye kibanda cha simu nikampigia Zawadi kule Same, nikamwambia asinifiche. Akanyamaza kwanza, kama Nakapanya. Kisha akanieleza kwamba ulianguka kwenye mfereji mwezi wa Mei ulipokuwa ukifungulia maji, kwamba mguu ulivimba, na kwamba hata sasa unatembea kwa kushika ukuta. Mwezi wa Mei uliniandikia kurasa mbili. Uliniandikia bei ya tangawizi na ugomvi wa kwaya.

Siandiki haya ili kukugombeza, ingawa unastahili kugombezwa. Naandika kwa sababu uso wako siuoni. Miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kukuuliza kama unaumwa, nilitazama unavyoketi. Sasa sina ila maneno yako, nawe umenipa moja tu, lile lile. Naomba unijibu kwa sentensi kamili. Mguu ukoje asubuhi, na ukoje jioni? Nani anakwenda kwenye ndiva siku ya zamu yetu? Nani anakupikia? Usiniandikie kwamba hujambo. Niandikie usichoweza kufanya. Barua hiyo uipeleke kwa Mwalimu Saidi, shuleni Nakapanya, nami nitaipata.

Na hili ndilo jibu la swali lako. Nitarudi siku ile mtoto mmoja wa Nakapanya atakapomwambia Mwalimu Ditrick hapana, sijaelewa, mimi nikiwa sipo chumbani. Au nitarudi siku ile wewe utakaponiandikia hapana, siwezi peke yangu. Litakalotangulia kati ya hayo mawili, hilo ndilo nitakalolitii, na kama ni lako, nitapanda gari siku hiyo hiyo, na Nakapanya nitawaomba radhi mwenyewe kwa mdomo wangu. Lakini ukiniandikia hatujambo, nitabaki huko Nakapanya sijui nilie au nifundishe.

Nisalimie dada yako mkubwa, Eliwaza, mlezi wa nyumba yetu, na umwambie nimejua kwamba naye alinificha. Nisalimie mdogo wangu Yohana, fundi wa mifereji. Nadhani ni yeye anayekufungulia maji, na kama siyo, aanze. Nisalimie mjukuu wetu Tumaini, na umkumbushe kwamba barua yake kwangu ianze na tarehe. Mchungaji na wazee wa kanisa wote nawaamkia.

Nimemaliza bila kuinuka. Magoti yananiambia hivyo.

Mimi mkeo, ninayekutazamia ndani ya kila neno utakaloandika,

Mama Zawadi